Jeshi la Mafuta ya Korosho

Jirani anachoma korosho, na moshi wa maganda umenirudisha uani kwa bibi, kijijini Msimbu, mimi na kaka yangu tumepiga magoti mbele ya majeshi yetu.

Walikuwa askari wa plastiki, tukawageuza kuwa majini. Tuliwakata mikono kwa kisu cha moto, tukawapachika miiba na kucha za kuku, kisha tukawapaka mafuta meusi ya maganda ya korosho. Tulitumia kijiti, maana mafuta yale yanababua ngozi. Damu tuliichora kwa rangi ya kucha ya mama. Dadu ndiyo iliyoamua nani afe, na aliyekufa alichinjwa kweli.

Siku hiyo alikufa jemadari wangu, niliyemtengeneza wiki nzima. Kaka alimkata kichwa polepole, anacheka, akakitupa motoni. Nilimrukia, nikamkalia kifuani, nikamsugua shavuni kwa kile kijiti cha mafuta mpaka akapiga ukunga.

Bibi alikuja mbio. "Nani kakufanya hivi?"

"Nimejipaka mwenyewe, bibi," kaka alijibu.

Shavu lilitoka malengelenge, likachunika. Siku nyingi kaka hakusema nami. Kisha asubuhi moja akaja uani na askari wawili wapya. Mmoja alikuwa na doa jekundu shavuni. Wa pili alikuwa mdogo, ana nywele za uzi mweusi zilizosukwa kama zangu, ameshika kijiti.

"Huyu," alisema akimgusa yule mdogo, "wote wanamwogopa."

Akanipa dadu.

"Anza wewe."