Kinyozi Kwenye Mji wa Mkewe

Kinyozi alikuwa mtu wa maneno. Kiti chake kilikuwa kimechanika ngozi na kioo chake kimeingia madoa, lakini wateja hawakumkimbia, kwa sababu akishakufunga kitambaa shingoni ulikuwa unapata kunyolewa na habari za mtaa mzima. Mkewe, muuguzi wa wodi ya watoto, alikuwa mtu wa "ndiyo" na "haya". Kinyozi alipenda kuwaambia wateja kwamba Mungu kampa mmoja ulimi, mwingine kampa masikio, kisha akawakutanisha.

Mkewe alilelewa na shangazi yake kisiwani, katika mji mkongwe ambao siku hizi wageni huujia kwa ajili ya ngome na bahari. Kila alipoomba waende, kinyozi alikuwa na udhuru. Safari hii shangazi alikuwa ameuza nyumba ili igeuzwe hoteli, akawaita walale humo kabla hajaikabidhi. Udhuru ukaisha.

Waliteremka kwenye boti asubuhi. Hawajafika mwisho wa gati, jamaa mrefu mwenye ndevu na kofia ya ukili, kazi yake kutembeza watalii, akawaacha watalii wake wamesimama juani.

"Chiriku," akaita.

Kinyozi aligeuka atazame ni nani huyo anayeitwa jina la ndege mpiga kelele. Aliyeitika ni mkewe. Akaanza kuongea, na hakukoma. Aliuliza habari za huyu na yule, akaiga sauti ya mwalimu wao wa zamani, akacheka mpaka akashika mbavu. Kinyozi akabaki na mabegi mikononi kama mchukuzi.

Waliungana na watalii kwenda ngomeni. Kila mtembezaji aliposimulia jambo, mkewe alidakia: hapa uliteleza ukalia, pale tulijificha mvua. Watalii wakamsogelea. Kinyozi naye akatoa kisa chake cha mteja aliyesinzia akanyolewa nyusi, kisa ambacho nyumbani hakijawahi kumwangusha. Walitabasamu kwa adabu, kisha wakamgeukia tena mkewe.

Jioni, wakila, kinyozi aliuliza kana kwamba halimhusu kama yule mtembezaji ana mke. Shangazi akasema anaye, na watoto pia, ila zamani alikuja humu humu kumposa huyu mwanangu. Kinyozi akarudisha tonge sahanini.

Kulipokucha, upande wa pili wa kitanda ulikuwa mtupu. Shangazi akasema mkewe katangulia ngomeni. Kinyozi akatoka shati halijafungwa vifungo, akapotea kwenye vichochoro, akampita fundi cherehani yule yule mara kadhaa, hadi fundi akamwonyesha njia bila kuulizwa.

Aliwakuta. Mkewe alikuwa juu ya ukuta akiwasimulia watalii, na mtembezaji amekaa chini, mkono kidevuni, anamsikiliza. Hawakugusana wala hawakukaribiana. Lakini kule kusikiliza kulimchoma kinyozi kuliko ambavyo angechomwa na kushikana mikono. Akasema kwa sauti ya mwenye mali kwamba muda umekwisha, warudi nyumbani. Watalii wakatazama viatu vyao. Mkewe akashuka, akamtangulia mpaka chumbani.

"Alikuposa," kinyozi alisema alipofunga mlango.

"Ndiyo. Nikakataa."

"Miaka yote hii hukuniambia."

"Ningekuambia saa ngapi, baba watoto? Umewahi kunyamaza?"

Kinyozi alikuwa na jibu, kama kawaida yake. Safari hii alilimeza. Akakaa ukingoni mwa kitanda, akamwambia, basi niambie.

Akaambiwa. Yule bwana alikuwa mwema, lakini hakutaka kuondoka kisiwani, na yeye alitaka kusomea uuguzi ng'ambo. Alimkataa, kisha akalia kwa muda mrefu. Kinyozi alisubiri asikie kwamba hakumpenda kamwe. Hilo halikusemwa, na yeye hakuthubutu kuliuliza.

Siku ya kuondoka alimfuata mtembezaji gatini, akamwomba radhi kwa kuwaaibisha mbele ya wageni. Kisha, kwa kuwa hakujua afanye nini tena na mikono yake, akatoa wembe begini, akajitolea kumnyoa ndevu. Jamaa akakaa juu ya kreti tupu, akainua kidevu. Mkewe na shangazi wakasimama kando, wakiutazama wembe ulivyopita kooni taratibu. Kinyozi hakutoa kisa wala habari. Alinyoa vizuri kadiri alivyojua, kwa maana kunyoa vibaya kungesema mengi.

Alipomaliza, akarudi nyuma kuangalia. Bila ndevu, yule bwana alionekana kijana, mzuri kuliko siku ile waliyoshuka botini. Mkewe aliliona hilo, akasema amependeza. Kinyozi akafuta wembe wake polepole, akijuta kwamba kazi yake anaiweza.