Dakika Nne za Daktari Mabuti

Kwa miaka kumi na tisa wilaya nzima ilimjua kwa viatu vyake. Mabuti ya mpira, meusi, yanayofika magotini, aliyavaa zizini, aliyavaa ofisini, na siku moja kwa kusahau akaingia nayo kwenye kikao cha wazazi shuleni kwa bintiye. Tangu hapo hata wakubwa wake kazini wakamwita Daktari Mabuti, naye akaitika.

Alikuwa daktari wa mifugo, na kazi yake hasa ilikuwa ng'ombe: kupima mimba kwa mkono, kumgeuza ndama aliyekaa vibaya tumboni, kuvuta. Mwaka huo wa kumi na tisa, ng'ombe mmoja alianguka chini ghafla wakati mkono wa Mabuti ungali ndani hadi kwapani. Bega likalia kama kijiti kikavu. Daktari wa binadamu aliitazama picha ya bega, akamwambia bila kuzunguka:

"Kano moja imekatika, na zilizobaki zimechakaa. Ukiendelea na kazi hii, mwakani hutaweza hata kuchana nywele."

"Nywele zenyewe ziko wapi?" Mabuti akajibu. Hakucheka mtu, hata yeye mwenyewe.

Ofisi ikampa meza na mhuri. Kuanzia asubuhi mpaka jioni aligonga vibali vya kusafirisha mifugo ambayo hakuiona. Miezi mitano ya mhuri ilimfanya mtu asiyekalika naye. Chai ikiwa na sukari analalamika, ikikosa analalamika. Mkewe, mkunga aliyezoea watu wanaopiga kelele, alimvumilia kwa muda, kisha akamletea karatasi aliyoichapisha kazini kwake. Lilikuwa tangazo la hospitali ya wanyama ya chuo kikuu: mafunzo ya ubingwa, miaka miwili, kwa madaktari wa mifugo ambao tayari wako kazini.

"Baba nanii, soma hapa."

"Nina miaka arobaini na saba, mama."

"Sijakuuliza umri, naujua. Nimesema soma."

Palikuwa na upasuaji, magonjwa ya ndani, macho, na nusukaputi. Alichagua nusukaputi kwa sababu kazi ya kulaza wanyama usingizi ili wapasuliwe haihitaji bega. Hiyo ndiyo ilikuwa sababu yake yote, na kwenye usaili aliisema hivyo hivyo. Wasaili walicheka, isipokuwa mmoja, mkuu wa kitengo chenyewe, mwanamke wa miaka thelathini na sita. Miaka kumi na mitatu nyuma, akiwa mwanafunzi, mwanamke huyo alikuja kwa Mabuti kufanya mazoezi ya kazi. Alipanda nyuma ya pikipiki yake wiki nane, akafundishwa kumfunga fahali kamba, na muda wote Mabuti alimwita binti.

Baada ya usaili alimfuata mlangoni. "Umepita. Lakini humu ndani utaniita Daktari, na mimi nitakuita Daktari. Tukishatoka getini, wewe ni kaka yangu kama zamani."

"Sawa, bin... Daktari."

Wanafunzi walimwita mkuu huyo Mizani, ila si mbele yake. Kwake hakuna mnyama aliyepewa hata tone la dawa kabla ya kupimwa uzito. Mabuti alikuwa amezoea kupima kwa jicho. Wiki ya kwanza alimtazama mbwa mmoja wa kahawia akasema kilo kumi na mbili. Mbwa akapandishwa kwenye mizani, ikasoma kumi na tano na nusu. Kwa paka alikosea vibaya zaidi.

"Kwa ng'ombe sikosei," alijitetea.

"Hapa hakuna ng'ombe leo," Mizani akasema, akampa kalamu aandike.

Aliona cha mtema kuni miezi mitatu ya mwanzo. Alikuwa mkubwa kuliko wenzake wote watano, na mmoja wao, kijana mpasuaji mwenye vidole vyepesi, alikuwa akimwita mzee kwa heshima inayouma. Alijifunza mashine ya gesi, kupitisha mpira wa hewa kooni bila kuumiza, kupima presha ya mnyama aliyelala na kuandika kila baada ya dakika tano. Kitu kimoja tu aliwazidi wote. Vidole vyake, vilivyofanya kazi miaka yote hiyo mahali pasipoonekana, viliupata mshipa wa damu hata kwa mtoto wa paka aliyekaukiwa maji. Ikafika mahali kila sindano iliyoshindikana wanamwita yeye, na kichwa kikaanza kuvimba kidogo.

Mwezi wa saba aliletwa mbwa jike mnene, pua bapa, uso umekunjamana kama nguo isiyopigwa pasi. Mwenye mbwa alikuwa mama wa makamo, fundi cherehani, na mbwa alimwita Chakubimbi, kwa sababu hakuna mpita njia aliyempita dukani bila kusemwa. Kizazi chake kilikuwa kimejaa usaha, kikatakiwa kutolewa asubuhi hiyo hiyo.

Mabuti alimpima, akampigia hesabu ya dawa, akamlaza. Kijana mpasuaji alifanya kazi safi, dakika hamsini, bila damu nyingi. Presha haikuyumba. Wakamhamishia mkekani kwenye chumba cha kuamkia. Chakubimbi akaanza kutafunatafuna, Mabuti akautoa ule mpira kooni, akamsikiliza akivuta pumzi mbili tatu za kukoroma, akaona mambo yamekwisha. Akaenda chumba cha pili kumalizia fomu. Muuguzi alikuwa ameitwa kwingine.

Aliporudi, ulimi wa mbwa ulikuwa wa buluu. Mbwa wa pua bapa ana nyama nyingi laini kooni, na akiwa bado na usingizi huziba njia ya hewa kama pazia. Mabuti akapiga kelele, Mizani akaja mbio, wakarudisha mpira, wakabonyeza kifua mpaka mkono mzima wa Mabuti ukaishiwa nguvu na ule mbovu ukaendelea kwa maumivu. Baada ya dakika ishirini na tano Mizani akasema, "Basi."

Miaka yote shambani, mnyama akifa, Mabuti alimwambia mwenye mnyama pole, ndivyo ilivyokuwa, akawasha pikipiki. Sasa Mizani alimwambia aende kwa yule mama na aseme kilichotokea, chote.

Fundi alikuwa amekaa kwenye benchi la mapokezi na kamba ya mbwa mapajani. Alisimama alipomwona.

"Ameamka?"

"Hapana, mama. Amefariki. Upasuaji ulikwenda vizuri. Amefia kwangu, wakati wa kuamka. Nilimwacha peke yake kwa muda, akazibwa pumzi."

"Ulimwacha ukaenda wapi?"

"Kuandika fomu."

Yule mama hakupiga kelele. Akasema tu, "Fomu," akaikunja kamba mara mbili, akaitia mkobani, akaomba aonyeshwe mbwa wake.

Kila Ijumaa saa mbili asubuhi kitengo kizima kilikaa kuzungumzia wanyama waliokufa wiki hiyo. Aliyehusika ndiye anayesimama. Mabuti alikuwa ameshawasikia wengine wakisimama na kusema "mgonjwa alipoteza fahamu" au "njia ya hewa iliathirika", maneno ambayo hayana mtu ndani yake. Usiku wake wa Alhamisi ulikuwa mfupi. Alisimama akiwa na karatasi moja.

"Nilitoka dakika nne," alisema. "Nimeangalia saa ya kwenye chati na saa ya kwenye fomu. Mpira niliutoa mapema, hata kichwa alikuwa hajainua. Nilikuwa najiamini."

Walidhani amemaliza, lakini akageuza karatasi.

"Na kuna hawa wengine. Nimejaribu kukumbuka kule nilikotoka. Fahali wawili niliowachoma dawa ya kuwatuliza wakafa. Punda mmoja. Mbuzi wanne. Mbwa wa mwalimu mkuu. Paka nadhani wawili. Hao ninaowakumbuka. Kule nilisema wana moyo mbovu. Sikuwahi kuhesabu."

Kijana mpasuaji alikuwa akiangalia meza. Mabuti alitegemea Mizani aseme neno la kumpoza, la kaka yangu. Mizani alifungua daftari.

"Tunabadilisha nini?" akauliza.

Ilimchukua muda kuelewa kwamba swali ni lake. Akasema: aliyemlaza mnyama ndiye akae naye mpaka ainue kichwa na kukishikilia mwenyewe, na fomu ziandikwe pale pale kwenye chumba cha kuamkia. Wakabishana kidogo, kwa sababu siku za kazi nyingi ingewaumiza, kisha wakakubaliana. Jumatatu iliyofuata meza ndogo ya fomu ilihamishwa.

Jioni ya Ijumaa ile, walipotoka getini, Mizani alitembea naye hadi kwenye njia panda.

"Na mimi niliwahi kuua," alisema. "Sungura watatu wiki moja, kaka. Nilitaka kuacha kazi nikauze vitenge."

"Ungeviuza kwa kupima sentimita kwa sentimita," Mabuti akamwambia, na kwa mara ya kwanza wiki ile alisikia sauti yake ikicheka.

Alibaki kwenye mafunzo miaka yote miwili. Mtihani wa mwisho wa kujibu kwa mdomo aliufeli mara ya kwanza. Walimuuliza juu ya figo, akaeleza vizuri sana juu ya ini. Mkewe alipopata habari alimwambia kwa simu arudi nyumbani ale, alale, kisha afungue kitabu ukurasa wa figo. Miezi sita baadaye alifaulu, si kwa alama za kujivunia.

Sasa yuko kwenye zahanati ya wanyama ya mjini kwao, na madaktari wa wilaya tatu humletea wanyama wao. Ng'ombe hawagusi tena, ingawa wafugaji wa zamani wakipita humtania kwamba amekuwa daktari wa mito na mablanketi. Yule kijana mpasuaji anafanya kazi hospitali nyingine, na humpigia simu mara mbili tatu kwa mwezi kuuliza dozi. Bado anamwita mzee, na siku hizi haiumi.

Mwezi uliopita mzee mmoja alimletea kobe mwenye jipu sikioni. Mabuti hakuwahi kumlaza kobe. Akampigia Mizani, Mizani naye hakuwahi, wakasoma wote wawili, kila mtu na kitabu chake, simu ikiwa wazi. Jipu likatolewa kabla ya saa sita mchana. Mwenye kobe alichungulia mlangoni.

"Daktari, huyu hata akiwa macho hasogei. Utajuaje kama ameamka?"

"Ndicho ninachojiuliza na mimi," Mabuti akasema, akavuta kiti kando ya kobe. Saa kumi na robo kobe alitoa mguu mmoja wa nyuma.