Viti vya Leso ya Mama

Leo nimeliona gari langu lililopotea miaka ya themanini.

Liko juu ya kabati, sebuleni kwa Salimu, rafiki yangu tangu utotoni Takaungu.

Ni Pijo la bati, refu kama mkono wangu. Nililiunda mwenyewe, hadi milango ikifunguka. Viti nilivishonea kipande cha leso ya mama, na bakora nikala.

Lilipopotea, Salimu huyo huyo alizunguka nami mji mzima kulitafuta!

Leo mkewe ananionyesha kwa fahari: "Shemeji, hili kaliunda babake watoto. Viti vile ni leso ya marehemu mamake."

Salimu kainama, anakoroga chai tu.

Jamani, nyinyi mngeimaliza chai ile?

Gari ningemsamehe, wallahi.

Lakini mama yangu pia?