Ijumaa za Bi Masjala

Miaka thelathini na moja alikuwa karani wa masjala, na masjala haikumtoka hata alipostaafu. Mikebe ya jikoni kwake ina lebo zenye tarehe, funguo zake zina namba. Mumewe, dereva wa malori ya safari ndefu na mtu wa kuacha soksi popote zilipomtoka mguuni, ndiye aliyemwita Bi Masjala. Majirani wakaliokota jina, likawa lake.

Mwaka wake wa mwisho, kifua kikimsumbua, mume huyo alikaa karibu na dirisha akasimulia safari zake kwenye simu: daraja lililokatika, ng'ombe aliyelala katikati ya barabara akagoma kuamka, utingo aliyeimba ili dereva wake asisinzie. Visa kumi na tisa, vyote kwa ajili ya mjukuu aliyekuwa bado tumboni. Akafa mtoto hajazaliwa. Simu nayo ilikuja kuharibika, lakini Bi Masjala alikuwa ameshahamishia sauti zote kwenye kompyuta ya sebuleni, folda moja iliyoitwa Kwa Mjukuu. Sasa mjukuu ana miaka minne, na kila Jumapili hupakatwa na bibi yake wakamsikiliza babu.

Miezi miwili iliyopita babu alianza kukwaruza. Kwanza kidogo, kwenye kisa cha ng'ombe. Wiki iliyofuata mara tatu. Halafu kisa cha daraja kikawa kelele tupu kuanzia katikati.

"Bibi, babu ana nini mdomoni?" mtoto akauliza.

Bi Masjala akacheka, lakini moyoni aliogopa kuliko alivyoogopa siku ya mazishi. Siku ile alijua sauti ipo nyumbani.

Akamwita shemeji yake, mdogo wa marehemu, fundi wa kompyuta asiyejua kuona shaka.

"Virusi hao, shemeji," alisema kabla hajavua viatu.

Akasafisha virusi ambao hawakuwapo. Jumapili ikafika, mikwaruzo ikazidi. Akasema ni umeme, akaleta kifaa cha kuutuliza. Wapi. Akasema ni diski, akaipima asubuhi nzima, akaikuta haina kasoro.

"Basi hata mimi sijui," alisema, na kwa shemeji huyu maneno hayo yalikuwa habari kubwa kuliko ubovu wenyewe.

Bi Masjala akavaa miwani, akafungua daftari. "Tuache kubahatisha. Masjala tukinakili rejista, mmoja anasoma, mwingine anafuata kwa kidole. Kompyuta haina namna ya kulinganisha nakala na asili?"

"Ipo. Kuna programu inasoma faili lote, halafu inalipa namba. Faili likiwa lile lile, namba ni ile ile. Likibadilika hata chembe, unapata namba nyingine kabisa."

"Na muda wote huu ulikuwa umeificha wapi?"

Shemeji akakuna kisogo.

Wakachukua faili moja kubwa, video ya harusi ya binti wa Bi Masjala, wakalinakili mara kumi. Shemeji alisoma namba, Bi Masjala akaandika. Nakala saba zilikubaliana na asili. Tatu zilikataa.

"Linapotoka ni zima, na diski umesema ni nzima," alisema Bi Masjala, kalamu ikigonga meza. "Basi linaharibikia njiani."

Shemeji alimtazama kidogo, akachukua bisibisi. Ndani ya kompyuta mlikuwa na vibamba viwili vya RAM, ambamo kila kinachonakiliwa hupita kwanza. Alichomoa kimoja, wakanakili tena: namba kumi, zote sawa. Akakirudisha, akachomoa cha pili: nakala nne mbovu.

"Mwizi ni huyu niliyemrudisha," alisema, akakichomoa tena kibamba cha kwanza na kukirudisha cha pili. "Kameanza kuchoka miezi hii. Lakini shemeji, haka kanaharibu kinachonakiliwa tu. Faili lililotulia hakaligusi. Sauti za kaka unazinakili za nini?"

Bi Masjala akamweleza. Masjala, kila Ijumaa rejista ilinakiliwa upya na ile ya zamani kuchanwa, ili visiwepo vitabu viwili vikagombana. Kwa hiyo kila Ijumaa, miaka minne, aliinakili folda ile kwenye folda mpya yenye tarehe.

"Na ya zamani?"

"Naifuta."

Shemeji alikuwa na mzaha kwa kila jambo, lakini safari hii aliinama akajifanya anatafuta skrubu. Alijaribu kufukua zilizofutwa. Juu yake palikuwa pameshaandikwa mengine. Ni mikono yake mwenyewe iliyomharibu mumewe, Ijumaa baada ya Ijumaa, na Bi Masjala alilijua hilo akiwa amekaa wima, daftari mapajani.

"Na hii folda ya Takataka?" shemeji akauliza. "Haijaguswa tangu kaka yuko hai."

"Ni zile alizokosea kuanza. Hazikustahili kunakiliwa."

"Mbona hukuzifuta?"

"Karatasi haichomwi kabla ya kuorodheshwa. Sikupata moyo wa kuziorodhesha."

Zilikuwa ishirini na sita. Shemeji akafungua ya kwanza, na sauti ya marehemu ikatoka safi.

"Bi Masjala, hiki kidude kinarekodi au kinanitazama tu?"

"Kinarekodi. Anza."

"Nianzie wapi?"

"Ulipoanzia safari."

"Safari ilianzia hapa hapa, ukaninyima chai."

Kikohozi, kicheko, kiti kikilia. Kisha sauti ya Bi Masjala mwenyewe, kavu: "Hii haifai. Tuanze upya."

Bi Masjala akavua miwani akalia, na wala hakuuficha uso.

Jumapili mjukuu alipakatwa kama kawaida. Alisikiliza rekodi ile mpaka mwisho.

"Bibi, hapo ulikuwa unamfokea babu."

"Ndiyo. Nilikuwa namfokea."

"Rudia," mtoto akasema, naye akarudia.