Chumvi Asubuhi ya Safari

Leo nimeshuka treni katika mji mmoja wa kale wa Ujerumani, nitembee mchana kutwa, jioni nirudi. Uwanjani wanauza biskuti za mdalasini na karafuu, na harufu yake imenirudisha Kasese, kwenye nyumba yetu ya bati ya duara, kambi ya polisi.

Shangazi yangu, aliyekuwa akiishi huku, alikuja kututembelea na mkebe wa biskuti hizi hizi. Kwenye kifuniko ulichorwa mji kama huu, wenye nyumba za mbao zilizoegemeana na mnara wa saa.

"Miji hii tunatembea siku moja tu," aliniambia. "Asubuhi unatoka, jioni umerudi. Nitakupeleka."

Nilimwamini, maana hata Bwera, siku za soko, ndivyo tulivyokwenda. Nikapiga gauni langu la Idi pasi ya mkaa, nikalikunja chini ya mto.

Kulipokucha, siku ya shangazi kuondoka, nililivaa. Mama akaniita kutoka jikoni.

"Mbio dukani, leta chumvi."

Nilikimbia, nikihofia kuachwa. Niliporudi, gari lililokuja kumchukua shangazi halikuwepo, na vumbi lake lilikuwa bado linatua juu ya nguo zilizoanikwa.

"Shangazi yuko wapi?"

"Ameshaenda. Ungelia."

Mama hakunitazama. Alinipokonya ile pakiti, akafungua kopo la chumvi ili aimimine. Kopo lilikuwa limejaa mpaka mdomoni.