Jenereta Iliyopiga Besi

Dimanche mchana, kisha kanisa, mu nganda moja ya bia, mtaa wa Naviundu, kijana mmoja alikuja kupiga gita ya umeme peke yake: jazz, pamoja na makelele fulani ya kujaribu-jaribu. Patronne, mwenye nganda, alimwambia mbele yetu, "Petit, bantu bakitoka, hautarudia tena hapa."

Watu wa meza mbili walikuwa wamekwisha kusimama waende zao wakati courant ya umeme ilikatika. Gita ikanyamaza. Patronne akawasha jenereta nyuma ya ukuta, ikaanza kunguruma, gita ikapata sauti tena. Kijana akainamisha kichwa, akaisikiliza, akakaza nyuzi polepole mpaka zikapatana na ule mngurumo, kisha akapiga juu yake sawa vile iko mpiga besi wake.

Miye ninajua muziki kupita bote mu huu mji, kwa hiyo nilisimama kucheza dansi wa kwanza. Wale waliosimama waende zao wakanifuata kucheza.

Courant ikarudi. Patronne akaenda kuzima jenereta.

"Maman, acha iungurume," nganda nzima ikamwambia.

Watu wa Lubumbashi, sisi tunaolilia courant kila siku, tukaikataa ilipokuja.

Patronne akamtazama kijana, mikono kiunoni. "Dimanche ingine urudi. Lakini mafuta ya jenereta, utaleta weye."