Gundi Chini ya Betri

Athok tangu utotoni Eldoret hakuwa mtu wa kuona kitu kimefungwa akakiacha kimefungwa. Basi siku laptopu yake ilipovimba tumbo hadi ikawa haikai sawa mezani, aliogopa, ndiyo, lakini vidole vilimwasha.

Kazi yake ni ukalimani. Anaketi chumbani kwake Gudele, mtaa wa Juba, mtandao anautoa kwenye simu, daktari wa Nairobi anaongea Kiswahili kwenye skrini, naye anamgeuzia mgonjwa kwa Kidinka. Wiki ile alikuwa akimfasiria Achol, mama aliyempeleka mwanawe Ngor huko kutibiwa moyo. Daktari akaanza, "Mama, tumeangalia vipimo, na kwa kweli..." Stima ikapotea Gudele nzima, na kwa kuwa betri iliyovimba ilishakufa, laptopu nayo ikazimika. Stima iliporudi naye Athok akaunganishwa tena, daktari alishaitwa kwingine. Mama wa watu akalala na nusu ya sentensi. Athok naye alilia kwa hasira, maana kesho yake wangeongea tena, na stima ya Juba haina adabu.

Binamu yake Bior alikuwa amemletea betri mpya kutoka Kampala, akamsihi asiiguse, amngoje fundi arudi safari. Amngoje mpaka lini? Athok alifungua madirisha, akaweka karai la mchanga nje ya mlango endapo mambo yataharibika, akafungua skrubu moja moja. Kwanza akachomoa waya wa betri. Kisha akainama kutazama, akasahau hata chai yake. Kumbe ndani kuna mji mzima! Feni ndogo kama kifuniko cha soda, vijia vya shaba, na vumbi jekundu limejipenyeza kila kona. Alitaka kujua kila kimoja kina kazi gani.

Lakini betri yenyewe haikuwa na skrubu hata moja. Akaisukuma kidogo. Wapi! Akachungulia kwa tochi ya simu, akaona utando unaong'aa chini yake. Gundi.

Hapo akacheka peke yake, maana gundi anaijua. Mwanamke aliyewahi kubandika wigi anajua kwamba halivutwi kwa pupa, la sivyo utaondoka na nywele zako. Na betri hii ukiikunja inawaka moto. Akadondosha spiriti kidogo ukingoni, akangoja, akachukua uzi wa kusukia nywele akaupitisha chini na kuuvuta taratibu, kushoto, kulia. Uzi ukakatika. Akachukua mwingine. Katikati akasikia harufu kali, akasogea nyuma; ilikuwa spiriti tu. Hatimaye gundi ikaachia, akaibeba betri ile kwa mikono miwili kama yai hadi mchangani. Kisha akaweka ile mpya, akachomeka waya wake na kurudisha skrubu.

Asubuhi Achol alitokea kwenye skrini, macho yamevimba kwa kukosa usingizi. Daktari akafungua faili, akaanza kueleza. Sentensi ya pili tu, taa chumbani kwa Athok ikazimika.

Achol aliona uso wa Athok umeingia giza. Akashika mdomo.

"Binti yangu, umeenda tena?"

"Niko, Mama Ngor. Niko hapa. Daktari anasema moyo wa Ngor unatengenezeka. Watampasua wiki ijayo."

Achol akaomba arudiwe. Athok akamrudia, polepole, neno kwa neno.